Jenereta ya Nyumbani: Itakaa Wapi?

Mtu anayetaka kununua jenereta huambiwa kwanza habari za bei, kisha za nguvu, kisha za jina la kiwanda. Wauzaji hujua kuzisifu mashine zao, wala hatuwalaumu, maana ndiyo kazi yao. Lakini sisi tuliokwisha kuipita njia hiyo twaona kwamba swali la kwanza ni la mahali. Mashine itanguruma wapi? Moshi wake utamwendea nani? Na mafuta yake yatalala wapi siku zile zote ambazo umeme upo na mashine imenyamaza? Mwenye kuyajibu maswali hayo amekwisha kuchagua nusu ya mashine, na mafuta karibu yote.

Sisi tunaosema haya tu mume na mke. Twakaa Bukavu, kwenye mteremko ambako nyumba zimepangana kama ngazi: paa la jirani wa chini liko sawa na kizingiti chetu, na kizingiti cha jirani wa juu kiko sawa na paa letu. Tuna watoto wanne, na pamoja nasi yumo Mama Mzee, mzazi wa baba wa nyumba. Kwa miaka zaidi ya arobaini alipika kwa kuni katika chumba kisicho na dirisha, na moshi ule umemharibu mapafu. Daktari alimwandikia oksijeni, lita mbili kila dakika, usiku kucha na saa nyingi za mchana. Mashine inayompa hewa hiyo haipiti ukubwa wa sanduku la nguo. Huvuta hewa ya chumbani, huitenga naitrojeni, na oksijeni inayobaki humfikia puani kwa mrija. Lakini haina akiba ndani yake. Umeme ukikatika, nayo hukatika. Hulia kwa sauti nyembamba, na nyumba nzima twaamka.

Umeme hukatika mara nyingi. Ni ajabu kidogo, kwani mto Ruzizi watoka katika ziwa Kivu papa hapa mjini, na juu ya mto huo umejengwa mtambo wa kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa pili mwaka 1989 kwa ushirika wa Congo, Rwanda na Burundi. Hata hivyo watu wa Bukavu twalijua giza kuliko wengi walio mbali na mto. Mji umekua kupita nyaya zake. Tungeweza kuandika kurasa nyingi juu ya jambo hilo, lakini manung'uniko hayampi mgonjwa hewa.

Basi tulianza kwa kuhesabu. Tuliacha kuhesabu vyote tuvipendavyo, tukahesabu vile tu visivyoweza kungoja mpaka asubuhi. Mashine ya Mama Mzee hula wati 350 hivi. Taa mbili ndogo na simu moja hazifiki wati 30. Pasi, televisheni na jiko la umeme tuliviondoa bila kusitasita. Friji tuliibishania siku mbili, kisha nayo ikaondolewa, kwa maana ikikaa imefungwa huhifadhi baridi saa kadhaa. Tukabaki na wati 380.

Lakini mtu asiende dukani na hesabu hiyo peke yake. Chombo chochote chenye mota, kama friji, pampu au mashine ya oksijeni, hudai nguvu nyingi zaidi wakati wa kuanza kuzunguka, pengine mara tatu au zaidi ya ile inayotumia baadaye. Tena tazameni kibandiko cha jenereta: mara nyingi kina namba mbili. Iliyo kubwa ni nguvu ya dakika chache tu. Iliyo ndogo ndiyo ya kazi ya saa zote, nayo ndiyo ya kuhesabiwa. Liko na jambo la tatu ambalo wauzaji hawalitaji, nalo latuhusu sana sisi watu wa milima. Nguvu iliyoandikwa ilipimwa penye hewa nzito ya pwani. Injini hupumua kama sisi, na kadiri tunavyopanda hewa hupungua. Kwa kila mita 300 hupotea nguvu kama asilimia 3 au zaidi kidogo. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Mashine ya wati 1,000 hapa kwetu hutoa 830 hivi. Fundi anaweza kuirekebisha kabureta ili injini isinywe mafuta kupita hewa iliyopo, lakini hawezi kuirudisha hewa ya pwani.

Kwa hiyo ya wati 1,000 haikutufaa. Je, tununue kubwa kabisa? Muuzaji mmoja alituambia: «Baba, chukua hii ya wati 3,000, nyumba yote itawaka.» Mama wa nyumba akamwuliza: «Na tukiwasha mashine moja tu ya mgonjwa, itakunywa kiasi gani?» Yule akacheka. «Mama, jenereta ni kama ng'ombe, hula hata siku asiyokamuliwa.» Alisema kweli, nasi twamshukuru. Jenereta ya kawaida yapaswa kuzunguka mara 3,000 kila dakika, mzigo uwe mkubwa au mdogo, kwa sababu ndivyo umeme unavyopata mapigo yake sawasawa. Ile ya wati 3,000, hata ikibebeshwa mzigo wetu mdogo, hunywa karibu lita moja kila saa. Zipo lakini zile ziitwazo za inveta, ambazo hupunguza mbio za injini mzigo ukiwa mwepesi, na umeme wake husafishwa kabla ya kutoka. Ya wati 2,000 ya namna hiyo, kwa mzigo kama wetu, hunywa chini kidogo ya nusu lita kila saa. Usiku wa saa kumi na mbili ni lita tano hivi badala ya kumi na mbili. Bei yake ni kubwa zaidi, ndiyo. Lakini bei ya mashine hulipwa mara moja, na ya mafuta hulipwa kila giza.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana hapo ndipo ubishi ulipokuwa mkali nyumbani.

Baba wa nyumba alipenda mazutu. Ana sababu nzuri. Mazutu haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la digrii zaidi ya 50, na petroli, ambayo hapa twaiita esansi, hutoa mvuke huo hata penye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Ndiyo kusema petroli katika bidoni lililo wazi iko tayari kuwaka saa yoyote, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini kama maji, hushuka ngazi, hulifikia jiko la makaa la mtu asiyejua kitu. Mazutu pia hukaa muda mrefu zaidi bila kuharibika, na injini zake hudumu. Kwa kituo cha afya chenye friji ya chanjo na chumba cha wazazi, au kwa shule yenye bweni, sisi wenyewe tungeshauri mazutu bila kusita.

Lakini jenereta ndogo ya mazutu hufika kilo 100. Katika ngazi zetu za mawe wakati wa mvua, ni nani ataibeba? Tena injini ya mazutu haipendi kazi nyepesi. Ikifanya kazi saa nyingi kwa mzigo ulio chini ya thuluthi ya nguvu yake, haipati joto la kutosha, na masizi pamoja na mafuta yasiyoungua huziba njia zake. Mzigo wetu wa wati 380 ungeiua polepole.

Gesi ya mtungi nayo ina sifa yake. Haichachi, mtungi uliofungwa vema waweza kungoja miaka. Haiachi uchafu katika kabureta. Kwa jamaa inayopika kwa gesi tayari, mashine inayokubali gesi na petroli ni chaguo la akili, ingawa kwa gesi nguvu hupungua karibu sehemu moja ya kumi. Sisi hatupiki kwa gesi. Pia gesi hiyo ikivuja hutafuta mahali pa chini, na chini yetu analala jirani na watoto wake.

Ikabaki petroli. Mama wa nyumba hakuikubali mpaka tulipokumbushana mambo mawili na kuyatafakari. La kwanza ni la Goma. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto wake mjini, na siku nne baadaye kituo cha petroli kililipuka kando ya mawe yale ambayo bado yalikuwa na moto. Watu walikuwa wakichota mafuta, makumi walikufa. La pili ni la Sange, katika bonde la Ruzizi. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka kijijini, watu wakaja kuchota, wengine walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukazuka. Walikufa zaidi ya 230. Mtu wa Kivu asiyeiogopa petroli hajasikiliza habari za nchi yake.

Tulikubaliana basi masharti, na petroli ikaingia kwa masharti hayo. Hatuweki zaidi ya lita 20. Hatuiweki ndani ya nyumba, wala jikoni, wala chini ya kitanda kama tulivyoona kwa watu wengi. Iko katika kopo la chuma lenye kifuniko cha kukaza, ndani ya sanduku la mabati lenye matundu na kufuli, kivulini, mbali na moto wa kila mtu. Kwa kuwa petroli huanza kuharibika baada ya miezi michache, kila mwezi tunaimimina katika pikipiki ya nyumbani na kujaza mpya. Na hatununui kwa Kadhafi. Wale vijana wa chupa za njiani wanatafuta mkate wao, na wengi ni waaminifu. Lakini mtu hawezi kujua ni nani aliyetia maji au mafuta ya taa kabla ya chupa kumfikia yule kijana, na injini iliyokataa kuwaka saa nane ya usiku haina wa kushitakiwa.

Lita 20 kwa mashine yetu ni siku mbili, kama ikifanya kazi usiku na mchana. Je, ikiwa giza lapita siku mbili? Mafuta ya mashariki ya Congo hufika kwa malori kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na barabara ikifungwa, nayo hukoma. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipofika Goma, mji ulikaa siku kadhaa bila umeme wala maji. Mwezi uliofuata vikaingia Bukavu, maduka yakafungwa, watu wakajifungia majumbani. Siku kama hizo hakuna wa kukuuzia mafuta. Lakini kuweka lita 100 ndani ya mteremko wa nyumba za mbao na mabati ni kuwawekea majirani hatari wasiyoulizwa. Tulizungumza na daktari: saa ishirini na nne zikipita bila umeme na bila habari njema, Mama Mzee ahamishiwe hospitali yenye oksijeni yake, wakati tungali na mafuta ya siku nyingine. Jambo hilo limeandikwa katika karatasi na kubandikwa mlangoni, ili hata mtoto ajue saa ya kuanza kufunga mizigo.

Tumefika kwenye moshi. Hapa twawaomba akina baba na akina mama watusikilize kwa makini. Moshi wa jenereta, wa petroli, wa mazutu au wa gesi, una ndani yake hewa iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ndiyo ile ile iuayo watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni, hata damu haina tena nafasi ya kuibeba oksijeni. Kichwa huuma, mtu huona kizunguzungu, hutapika, hulegea. Na kwa kuwa sisi twayajua hayo kama dalili za malaria, humeza dawa na kulala. Lakini malaria haiwashiki watu wote wa nyumba saa moja. Wakiumwa kichwa wote pamoja, na mashine inanguruma karibu, tokeni nje mara moja, ndipo muulizane.

Kanuni ni hii: mashine ikae angalau mita 6 kutoka kila mlango na kila dirisha, na bomba la moshi litazame mbali na watu. Baraza si nje. Gereji iliyofunguliwa mlango si nje. Madirisha ya jirani nayo ni madirisha. Kipo pia chombo kidogo cha betri kinacholia kikisikia hewa hiyo. Sisi tumekitundika chumbani mwa Mama Mzee.

Mita 6! Katika kiwanja chetu mita 6 kutoka kwetu ni mita mbili kutoka kwa mtu mwingine. Kwa jirani wa chini haikuwezekana kabisa. Binti yake alikuwa amejifungua wiki zile, na dirisha lake liko juu ya kichochoro. Upande wa juu, karibu na barabara, kuna kona ya wazi penye ukuta wa mawe, lakini kona hiyo ni ya jirani wa juu, mzee aliyekuwa dereva wa malori ya barabara ya Uvira kwa miaka mingi. Tulimwendea jioni, sote wawili, kama mila inavyotaka.

Alitusikiliza. Akasema: «Wanangu, mimi sina neno na mashine. Nina neno na usiku. Mtaizima saa ngapi?»

Tukamjibu: «Mzee, usiku ndio wakati wake. Hatutaweza kuizima.»

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaomba kumwona Mama Mzee. Alishuka ngazi pole pole, akaketi kando ya kitanda, wakasalimiana kwa Kishi na kuulizana habari za ukoo, na muda huo wote masikio yake yalikuwa kwenye pumzi ya mashine ya oksijeni. Alipotoka alisimama kizingitini akasema: «Mashine ilale kwangu. Mafuta yalale kwenu. Mafuta nimeyabeba maisha yangu yote. Sitayaweka tena karibu na wajukuu.»

Hakutaka kodi. Sisi tulimpa waya mmoja wa taa na wa kuchajia simu, na giza likija nyumba zote mbili zina mwanga. Mashine iko chini ya kipaa cha mabati kisicho na kuta, imefungwa kwa mnyororo. Kutoka pale hushuka waya mnene wa mpira, wa milimita mraba 2.5, mita 25 kwenda moja kwa moja hadi mashine ya oksijeni. Hatukuufunga katika nyaya za nyumba. Mtu anayetia umeme wa jenereta katika nyaya za nyumba bila swichi ya kutenganisha huusukuma umeme huo barabarani, na fundi aliye juu ya nguzo, akidhani waya umekufa, anaweza kufa yeye.

Labda msomaji asema: kwetu hakuna kona, hakuna mzee wa namna hiyo. Basi, ndugu, usinunue jenereta. Hatusemi hivyo kwa dharau. Nyumba isiyo na mgonjwa, ambayo yataka taa, simu na redio tu, yatosheka kwa bamba la jua na betri, isiyo na moshi, isiyo na Kadhafi, isiyo na kelele. Kwa mashine kama ya Mama Mzee betri peke yake ni kazi ngumu: betri ya volti 12 na saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, ikiwa ni ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, na nusu hiyo haifiki hata saa mbili kwa mzigo wa wati 350. Ya lithiamu hufika karibu saa tatu. Hata hivyo anayeweza kununua kadhaa, pamoja na mabamba ya kutosha, atalala vizuri kuliko sisi.

Na sisi tuna kitu kimoja zaidi, kwa sababu jenereta haiwaki yenyewe, tena haijazwi mafuta ikiwa na moto. Yapasa kuizima na kungoja robo saa ipoe. Ni chupa ndogo ya oksijeni ya lita 2. Ikijazwa kwa mgandamizo wa ba 150 ina lita 300, yaani saa mbili na nusu kwa kipimo cha Mama Mzee. Chupa hiyo yakaa kichwani pa kitanda, na mtu mwenye mikono ya petroli au ya grisi haruhusiwi kuigusa, kwa kuwa oksijeni na mafuta havipatani.

Kila Jumamosi jioni tunaiwasha mashine dakika ishirini, na mzigo wake wote ukiwa umefungwa, kisha tunafunga njia ya petroli na kuiacha injini imalize iliyomo katika kabureta. Kazi hiyo ni ya binti yetu mkubwa, na hakuna mwingine wa kuishika isipokuwa yeye hayupo. Mama Mzee humhesabia dakika kwa saa ya ukutani, tangu mrija kuhamishwa kwenye chupa mpaka waya kuleta umeme. Jumamosi iliyopita zilikuwa nne. Amemwambia anataka tatu.